Kirotshe: fre ya moto iingie kwenye makubaliano ya versema

Pikipiki inayotoka dukani Goma siyo ile inayopanda vilima vya Kirotshe. Kabla ya kufika kwenye parkingi ya Sake, imekwisha kupita mikononi mwa fundi. Nyuma imechomelewa kitanda cha chuma cha kubebea magunia. Amortisa zimeongezewa springi, ao zimefungwa zingine nzito zaidi. Kiti kimerefushwa ili wakae wateja wawili, na mara nyingi wanakaa watatu. Pinyo ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na shene, imebadilishwa ili moto ipande na mzigo. Vioo vya pembeni vimefunguliwa na kubaki nyumbani. Na kwenye moto nyingi, kamba ya fre ya mbele imelegezwa ao imetolewa kabisa.

Mambo haya yanafanywa hadharani, kando ya barabara, na wamotari wenyewe pamoja na mafundi wao. Wanafanya kwa akili na kwa mikono, bila shule ya ufundi na mara nyingi bila piyesi za asili. Wenye kuja kutoka mbali wanashangaa. Sisi hatushangai tena, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu kitu ambacho hakitushangazi tena hatukiulizi maswali.

Leo tunapenda kuuliza swali moja. Katika mabadiliko hayo yote ambayo moto inafanyiwa ili ibebe zaidi, ni nani anayelipa ili isimame vizuri? Jibu letu ni kwamba, kwenye barabara ya Sake hadi Minova, mara nyingi hakuna. Na tunaamini jambo hilo linaweza kurekebishwa bila kungoja mradi wa wafadhili ao sheria mpya kutoka Kinshasa. Inatosha mwenye moto na motari waandike mstari mmoja zaidi katika makubaliano yao.

Kwa nini tunabadilisha

Tuanze na haki. Motari wa Kirotshe habadilishi moto yake ili apendeze. Boxer na TVS, ambazo ndizo nyingi kwenye barabara zetu, zinatengenezwa na makampuni ya India. Ni moto nyepesi: ikiwa tupu, moja ina uzito wa kilo 110 hadi 125 hivi, kufuatana na aina. Ilifikiriwa kwa mtu mmoja ao wawili kwenye barabara ya kawaida. Haikufikiriwa kwa magunia mawili ya makala, mikungu ya ndizi, ao ndoo za sambaza pamoja na mama mwenye sambaza hizo.

Halafu kuna barabara yenyewe. Kirotshe iko kandokando ya Ziwa Kivu, kwenye barabara ya taifa namba 2, ile inayotoka Goma, inapita Sake, Shasha, Kirotshe na Bweremana, kisha inaingia Minova kuelekea Bukavu. Ziwa liko mita 1.460 hivi juu ya bahari. Vilima vya Masisi vinavyolizunguka vinapita mita 2.000. Kwa hiyo mtu anayetoka kando ya maji kuelekea Ngungu, ao kutoka Sake kuelekea Mushaki na Karuba, anapanda muda mrefu juu ya udongo na mawe, na siku ya kurudi anashuka muda huo huo. Mvua ikinyesha, udongo unakuwa kama sabuni. Gari dogo linakwama, lori linaziba njia, na moto inapita. Ndiyo maana mgonjwa, mwalimu, mwenye duka na mkulima wote wanangoja moto.

Na kuna vita. Kwa miaka mingi wakaaji wa sehemu hii wamekimbia, wamerudi, na wamekimbia tena. Mwezi wa Januari 2025 mapigano yalifika Minova, Sake na Goma, na benki za Goma zikafunga milango. Pesa taslimu zikawa shida, na mtu aliyekuwa anafikiri kununua moto mpya akaanza kufikiri namna ya kuifanya ile ya zamani idumu. Katika hali hiyo, fundi anayejua kufufua moteri iliyochoka, ao kutengeneza piyesi moja kutoka piyesi mbili zilizokufa, ni mtu wa kuheshimiwa. Bila yeye mazao ya Masisi yangeoza kwenye mashamba.

Ufundi wetu siyo adui

Kwa hiyo hatuandiki hapa ili kusema watu waache kubadilisha moto. Historia ya magari katika Afrika ya Mashariki inaonyesha kinyume: fundi anayejitengenezea mwenyewe anaweza kushinda kampuni kubwa.

Wazee wanaopenda mashindano ya magari wanakumbuka jina la Joginder Singh wa Kenya. Alianza kama fundi, chini ya magari ya wengine, kabla ya kukaa kwenye usukani. Mwaka 1965, yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally, mashindano yaliyoanzishwa mwaka 1953 na kujulikana duniani kwa ukali wa njia zake. Gari lao lilikuwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, siyo gari jipya kutoka kiwandani. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976, mara hizo akiwa na Mitsubishi Lancer.

Njia za Safari zilikuwa matope, mawe na vumbi, kama zetu. Kwenye njia ya namna hiyo, gari lenye nguvu nyingi linaweza kuvunjika kabla ya jioni, na lile lililokazwa vizuri likafika. Mtu aliyekuwa fundi kabla ya kuwa dereva anajua boliti ipi inalegea kwanza, na anajua gari lake linavumilia nini na linakataa nini. Hiyo ndiyo maana ya kutengeneza gari la mbio: kuongeza nguvu, ndiyo, lakini pamoja na fre, mipira na usukani vinavyoweza kuishika nguvu hiyo. Anayeongeza moteri peke yake hajatengeneza gari la mbio.

Hata bila kwenda mbali, tuna mfano hapa kwetu. Tshukudu ilizaliwa Kivu ya Kaskazini, imetengenezwa kwa miti, na magurudumu yake ya mbao yamevalishwa mpira wa gari uliokwisha. Inabeba mamia ya kilo, na Goma imeisimamishia sanamu. Tuangalie vizuri namna ilivyotengenezwa. Karibu na gurudumu la nyuma kuna kipande cha mpira ambacho mwendeshaji anakanyaga kwa mguu ili kupunguza mwendo. Fre hiyo ni kitu kidogo na cha bei ya chini, lakini ipo. Yule aliyewaza kubeba mzigo mzito kwenye mteremko aliwaza pia namna ya kuusimamisha. Na tena, hakuna anayepakiza mama mja mzito juu ya tshukudu. Kila mtu anajua chombo hicho ni cha mizigo.

Moto yetu imepoteza hekima hiyo. Tumeifanya tshukudu siku ya soko na taksi siku ya Mungu, na fre zake zimebaki zile zile za kiwandani, ao hata pungufu.

Kile ambacho mteremko hausamehi

Tuseme wazi mambo yanavyokwenda, kwa sababu wengi wanaopanda moto hawaelezwi.

Moto inayokwenda kilometa 40 kwa saa inapita mita 11 kila sekunde. Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kubana fre hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne hivi. Ukiongeza mzigo, fre inafanya kazi zaidi na inapata joto zaidi. Fre za moto zetu nyingi ni za ngoma: ndani ya gurudumu kuna plaketi mbili zinazosugua chuma. Zikipata joto sana kwenye mteremko mrefu, nguvu yao inapungua hata kama motari anakanyaga kwa nguvu zote. Motari anasema «fre imekataa». Lakini fre ilikuwa inalalamika toka mwanzo wa mteremko.

Hapo tuongeze desturi moja ambayo kila mtu anaijua: kuzima moteri wakati wa kushuka, ili kuokoa mafuta. Moteri ikiwa kwenye gia ya chini inasaidia kushika moto. Ikizimwa na moto ikiwekwa bila gia, kazi yote inabaki kwa fre ya nyuma peke yake. Mafuta yanayookolewa ni kidogo sana ukilinganisha na kile kinachowekwa hatarini.

Na kwa nini fre ya nyuma peke yake? Kwa sababu ile ya mbele imetolewa. Wamotari wana sababu yao: kwenye matope, anayebana fre ya mbele kwa ghafula anaanguka. Hiyo ni kweli. Lakini kwenye njia kavu, wakati wa kusimama, uzito mwingi unasukumwa mbele, na fre ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi. Kuitoa kwa sababu ya matope ni sawa na kutupa panga kwa sababu liliwahi kukukata kidole. Dawa ni kujifunza kuibana polepole.

Kitanda cha chuma kinaleta shida nyingine. Mzigo ukikaa nyuma zaidi ya gurudumu la nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi. Wakati wa kupanda, moto inataka kuinuka na usukani hausikii vizuri. Gurudumu la mbele likigusa ardhi kidogo tu, wala usukani wala fre ya mbele havina kazi. Kitanda kifupi, mzigo ukiwa chini na karibu na kiti, kinabeba karibu sawa na kile kirefu na kinaacha moto ikiwa moto.

Kuna pia kuchomelea kwenyewe. Mabomba ya fremu ni membamba. Moto wa kuchomelea unaweza kudhoofisha chuma pembeni mwa mahali palipochomelewa, na ufa unaanzia hapo, chini ya rangi, bila kuonekana. Fundi mwangalifu anatumia vishikio vya boliti penye nafasi, anafungua bateri kabla ya kuanza kazi, na baada ya wiki chache anaangalia tena kama hakuna ufa. Fundi wa haraka anachomelea, anapaka rangi, anapokea pesa yake, na moto inaenda.

Hata pinyo kubwa ina masharti yake. Inasaidia kupanda, na kwa kweli ni moja ya mabadiliko mazuri, kwa sababu inaongeza nguvu ya kuvuta na inapunguza mwendo wa juu. Lakini inaomba shene ya urefu unaofaa, iliyokazwa vizuri. Shene inayocheza kiasi cha sentimita 2 hadi 3 katikati yake iko sawa. Iliyolegea sana inaweza kutoka na kuzuia gurudumu la nyuma, na iliyokazwa sana inakatika ikipata mzigo.

Mipira iliyokwisha, taa moja inayong'aa kwa kuumiza macho ya wengine, vioo vya pembeni vilivyotolewa kwa sababu vinagonga watu kwenye soko: kila kimoja kina maelezo yake, na kila kimoja peke yake kinaweza kuvumiliwa siku moja. Shida ni kwamba vyote vinakutana kwenye moto moja, siku moja, kwenye mteremko mmoja.

Nani analipa plaketi?

Sasa tufike kwenye moyo wa jambo. Plaketi za fre ni kati ya piyesi za bei ya chini kwenye moto. Kuzibadilisha ni kazi ya muda mfupi. Kwa nini basi hazibadilishwi?

Tuangalie kazi inavyopangwa. Wamotari wengi hawana moto yao wenyewe. Wanaendesha moto ya mtu mwingine: mfanyabiashara wa Goma, mwalimu, mtumishi wa serikali, mjane aliyeweka akiba yake yote hapo. Kila jioni motari anatoa versema, yaani kiasi cha pesa kilichokubaliwa. Kile kinachobaki baada ya mafuta na vizuizi ndicho chakula cha watoto wake. Siku ya mvua, siku ya mapigano, siku isiyo na wateja, versema haijui. Inangojwa palepale.

Katika mpango huo, kila mmoja ana sababu nzuri ya kuchelewesha fre. Motari anasema: moto si yangu, nikinunua plaketi leo, kesho mwenyewe anaweza kuichukua na kumpa mwingine. Mwenye moto anasema: mimi sipandi, nikipewa kila wiki hesabu ya piyesi nitajuaje kama ni kweli? Wote wawili wanakubaliana haraka juu ya kitanda cha chuma na springi, kwa sababu hivyo vinaleta pesa siku ile ile. Fre haileti pesa. Inazuia tu hasara ambayo bado haijafika.

Na mtu wa tatu, anayekaa nyuma, hakuulizwa. Mteja anayepanda Shasha kwenda Kirotshe hajui ni nani alikubaliana na nani. Haoni ndani ya gurudumu. Amelipa bei ya kufika, na ndiye anayebeba hatari bila kupata hata franka moja kutoka kwenye makubaliano hayo. Wakati mwingine ni mama anayepelekwa kuzaa kwenye hospitali kuu ya Kirotshe. Ingekuwa aibu kwetu wote afike kwenye hospitali hiyo kama mjeruhi.

Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba ajali za barabarani zinaua watu milioni 1,19 hivi kila mwaka ulimwenguni. Sisi ambao tumezoea kuhesabu wafu wa vita tunaweza kuona kifo cha barabarani kama bahati mbaya, jambo la Mungu. Lakini plaketi iliyokwisha siyo bahati mbaya. Mtu aliiona, mtu alijua, na watu wawili waliahirisha.

Tunachoomba

Kwanza, kwa wenye moto na wamotari: mkubaliane juu ya fre kama mnavyokubaliana juu ya versema. Katika makubaliano, hata yakiwa ya mdomo mbele ya shahidi, muandike ao museme mstari huu: kila wiki kiasi fulani cha versema kinabaki pembeni kwa ajili ya fre, mipira, shene na taa, na pesa hiyo haiguswi kwa jambo lingine. Iwekwe kwa mtu ambaye wote wawili wanamwamini, kwa mfano mkubwa wa parkingi ao muuzaji wa piyesi. Motari akileta piyesi ya zamani, anapewa mpya. Kwa namna hiyo mwenye moto anaona uthibitisho kwa macho yake, na motari hanunui kutoka mfukoni mwake kwa ajili ya mali ya mwingine.

Tunajua jibu la mwenye moto: «Nitapoteza.» Tunamwomba afanye hesabu vizuri. Moto iliyoingia kwenye mtaro inakaa siku nyingi bila versema hata moja. Kuna fremu ya kunyoosha, kuna hospitali ya kulipa, kuna familia ya mteja inayokuja nyumbani, na wakati mwingine kuna polisi. Jumla ya hayo inanunua plaketi za miaka mingi. Na mjane aliyeweka akiba yake kwenye moto moja ndiye wa kwanza anayepaswa kuhesabu hivyo, kwa sababu hana moto ya pili.

Pili, kwa vyama vya wamotari na wakubwa wa parkingi za Sake, Shasha, Kirotshe na Bweremana: muchague asubuhi moja kila wiki, kabla ya wateja kuwa wengi. Hakuna haja ya mashine. Moto inasukumwa huku fre ya mbele ikibanwa, halafu fre ya nyuma. Shene inainuliwa kwa kidole. Mipira inaangaliwa, taa inawashwa, gurudumu la mbele linatikiswa kushoto na kulia. Ni dakika chache tu kwa kila moto. Isiyosimama haichukui mteja siku hiyo mpaka itengenezwe. Inaweza kubeba mzigo? Hapana, kwa sababu gunia halilii lakini watoto wanaovuka barabara wanagongwa vilevile.

Wamotari wanajua kushikamana. Mmoja wao akipatwa na shida, tunaona wanavyokusanyika kwa dakika chache. Nguvu hiyo hiyo inaweza kutumiwa kabla ya shida.

Tatu, kwa mafundi: kazi yenu inawapa haki ya kukataa. Anayekuja kuomba kitanda kirefu, mumpime kwanza fre. Anayeomba mtoe kamba ya fre ya mbele, mumweleze ile hesabu ya uzito unaokwenda mbele. Mteja mmoja atakasirika na kwenda kwa fundi jirani. Lakini mkikubaliana mafundi wote wa senta moja, hatakuwa na jirani wa kwenda kwake. Na kijana mnayemfundisha kazi, mumfundishe fre kabla ya kuchomelea. Wengi wanajua kufungua moteri yote na kuifunga tena, lakini hawajawahi kuonyeshwa namna ya kusoma alama ya uchakavu kwenye mkono wa fre.

Nne, kwa wenye kusimamia barabara. Kongo ina sheria ya barabara, namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Iliandikwa wakati ambapo taksi-moto haikuwa bado kazi ya maelfu ya vijana, lakini wazo lake linabaki: chombo kinachotembea kati ya watu kinapaswa kuwa katika hali ya kusimama. Watawala wanabadilika kwenye sehemu zetu, na vizuizi vinabadilika rangi. Sheria ya mteremko haibadiliki. Tunaomba anayesimamisha moto, awe nani, aanze kwa kuuliza fre kabla ya kuuliza karatasi na pesa. Na moto ikikutwa bila fre, isiachwe iendelee kwa sababu mwenyewe ametoa kitu kidogo. Anayepokea kitu hicho kidogo, naye anaingia katika yale makubaliano ambayo mteja hakuulizwa.

Hatuombi msako wa kukamata moto. Tumeona misako ya namna hiyo katika miji mingi: moto zinajazwa uwanjani, wenyewe wanalipa, moto zinatoka kama zilivyoingia, bila plaketi mpya hata moja. Kinachobadilika ni kwamba motari anarudi barabarani akiwa na deni, na anakwenda mbio zaidi ili alilipe.

Tano, kwa sisi tunaopanda. Mteja ana nguvu kuliko anavyofikiri. Kabla ya kupanda, mwambie motari abane fre ya mbele na asukume. Angalia kama kuna mtu ao mzigo ambao ungekuwa wa ziada. Wakati wa kushuka, mwombe asizime moteri. Ukiharakisha motari kwa kusema umechelewa, ujue unanunua mwendo ambao fre yake haiwezi kulipa. Na ukipata moto inayosimama vizuri, umrudie motari huyo kesho, na kesho kutwa, ili wengine waone kwamba fre nzuri pia inaleta wateja.

Jambo lililo mikononi mwetu

Kuna watakaosema kwamba, katika hali tuliyo nayo, kuzungumzia plaketi ni kuzungumzia mambo madogo. Watu wamepoteza nyumba, mashamba hayafikiwi, njia zinafungwa na kufunguliwa bila taarifa. Tunaelewa. Lakini kwa sababu mambo makubwa mengi hayako mikononi mwa wakaaji wa Kirotshe, yale yaliyo mikononi mwao yanapata uzito zaidi. Hakuna anayehitaji mkataba wa amani wa kimataifa ili kubadilisha plaketi. Hakuna anayehitaji ruhusa ya jimbo ili mwenye moto na motari wakae kwenye benchi jioni moja na kukubaliana kiasi cha kuweka pembeni.

Vijana wa Masisi wamekwisha kuonyesha kwamba wanaweza kuichukua moto nyepesi ya India na kuifanya ipande mlima ikiwa na mzigo unaopita uzito wake wenyewe. Ni ufundi mkubwa, na tunaupongeza. Fundi anayeweza hayo anaweza pia kuifanya ishuke salama, akilipwa kwa kazi hiyo. Tunaomba alipwe, kuanzia versema ya wiki hii.